Boriti ya Saba

Boriti iliyomuua mzee Diedrich Meinken ilikuwa na umri mkubwa kuliko serikali yoyote aliyowahi kuilipa kodi. Maseremala wa kale walikuwa wameichonga alama ya saba kwa patasi, karibu na ncha, na juu ya alama hiyo palikuwa na namba nyingine, ya chaki, mpya kabisa. Inspekta Oltrogge aliigusa chaki, akakitazama kidole, akakipangusia suruali.

"Hiyo ya chaki ni ya yule kijana," alisema Mundt, polisi wa kijiji, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshaitatua kesi mara mbili. "Seremala. Alikuwa anazitia namba mbao zote ili nyumba ifunguliwe. Anaifungua kama saa ya ukutani, afande, halafu watu wa makumbusho waiunge upya kwenye bustani yao mjini, wenye tai waje kuishangaa Jumapili."

"Na mzee alikubali?"

"Mzee ndiye aliyewaita! Kijiji kizima kilimnunia. Hata mchungaji."

Oltrogge alisimama, magoti yakalia. Alizaliwa kwenye nyumba ya namna hii hii, upande wa pili wa nyika ya Lüneburg, kwa hiyo hakupoteza muda kuishangaa. Safu mbili za nguzo za mwaloni, boriti zikivuka juu kutoka safu hadi safu. Katikati ukumbi wa kupuria nafaka, mpana wa kuingiza gari zima la nyasi pamoja na farasi wake. Kulia na kushoto ng'ombe, vichwa vikitazama ukumbini. Mwisho kabisa jiko la moto wa wazi lisilo na bomba, na nyuma yake vyumba vya wenyewe. Watu, mifugo, nyasi na moshi, wote chini ya paa moja. Kuta zilikuwa fito na udongo tu. Mwaloni ndio nyumba, mengine ni nguo.

"Haya, nipe tena," alisema.

Mundt alivuta pumzi kama mtoto anayetaka kusoma shairi mbele ya wageni. Jana, kijana, jina lake Veit, aliikata ncha iliyooza ya boriti ya saba, upande wa kushoto. Akaitegemeza kwa mwega, na chini ya mwega akakaza kabari. Alfajiri, kungali giza, mzee alitoka chumbani kwenda kufungua mlango mkubwa kama alivyofanya maisha yake yote. Akapita chini ya boriti. Kabari ikachomoka. Basi.

"Kabari haichomoki, Mundt. Huchomolewa."

"Si ndicho nilichosema mimi? Ina kovu la nyundo ya mti. Nyundo ya mti ni ya seremala, na tumeikuta imetupwa horini, imepakwa mavi. Na jana jioni hao wawili walitukanana hapa mpaka kuku wakahama. Watu walimsikia kijana akipiga kelele, 'Itakuua!' Sasa wewe unataka nini tena, picha? Nimemfungia kwenye kibanda cha kuokea mikate."

"Kwenye tanuri?"

"Kwenye kibanda, afande. Tanuri limepoa." Mundt alionekana kuumia kidogo. "Mwendesha mashtaka ameshapiga simu baani. Gari linakuja kumchukua."

Oltrogge aliijua maana yake. Kijana akishaingia kwenye gari hilo, faili limefungwa. Mgeni asiye na ndugu, aliyemtishia mzee mbele ya kijiji kizima. Mahakama ingekunywa kahawa yake, ingemfunga maisha, na ingewahi chakula cha mchana.

"Kabari mliikuta wapi?"

"Kule. Mguuni pa nguzo ya kulia."

"Na mwega uliangukia wapi?"

"Kule kule kulia."

Oltrogge alikwenda upande wa kushoto, pale ncha iliyokatwa ilipokuwa imetegemezwa. Aliinama, akapima kwa mkono: hori, nguzo, ubavu wa ng'ombe mwekundu aliyemtazama kwa dharau. Ukiipiga kabari ukiwa ukumbini, itarukia ng'ombe. Hii iliruka kuvuka ukumbi mzima. Basi mpigaji alikuwa huku nyuma, gizani, amebanwa kati ya ng'ombe na nguzo, akisubiri nyayo za mzee.

"Nipeleke kwa mwokaji wako," alisema.

*

Veit alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, ndani ya mavazi ya chama chake cha maseremala wasafiri: suruali nyeusi ya miguu mipana, kizibao chenye vifungo vya lulu, hereni ya dhahabu sikioni. Kofia pana aliishika magotini kama sahani ya kuombea. Unga ulikuwa umempaka mabegani, na kwa jinsi alivyokuwa mweupe usoni, hukujua unga uliishia wapi.

"Kwenu wapi, kijana?"

"Kusini, milimani. Mwaka wa pili niko barabarani, bwana. Miaka mitatu na siku moja hatusogelei nyumbani. Ndiyo sheria yetu."

"Mligombania nini na mzee?"

"Haraka. Alitaka boriti mbili zishuke kwa siku moja. Nikamwambia nyumba si soksi, haivuliwi kwa kuvuta."

"Naye?"

"Akasema mimi mvivu, mama yangu mvivu, na hata milima ya kwetu imelala pale kwa uvivu."

Mundt alikohoa kuficha kicheko. Oltrogge hakucheka, kule chumbani maiti ilikuwa bado haijaoshwa.

"Ndipo ukamwambia itamuua."

"Ndiyo! Nilimwambia asipite chini ya ile boriti mpaka nipandishe mpya. Apite mlango wa ubavuni. Akasema, 'Mimi nimepita hapa tangu sijaota meno.' Nikapiga kelele, bwana. Unafanyaje na mtu asiyesikia? Nikasema itakuua. Imemuua." Aliizungusha kofia magotini. "Mimi ndiye niliyemkuta. Niliingia na taa, nikaona viatu kwanza."

"Nyundo?"

"Huwa naitundika kwenye nguzo. Kila mtu anaiona."

"Kabari ilipigwa kutoka kati ya ng'ombe wa kushoto."

Veit alikiinua kichwa. Halafu, bila kuombwa, akaipandisha suruali mpaka juu ya goti. Paja lilikuwa na rangi zote za mboga iliyooza.

"Yule mwekundu," alisema. "Wiki iliyopita. Nilikuwa nampita tu, sikumkosea lolote. Mimi kati ya ng'ombe siendi. Ule mwega niliukaza nikiwa ukumbini, mkono nimeunyoosha kama mwizi wa mayai."

"Yule ng'ombe angemkataa hata shetani," Mundt alinong'ona.

"Bwana Inspekta," Veit alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua, "kwetu seremala akifungwa, wenzake humng'oa hereni. Hawaifungui. Wanaivuta. Popote atakapokwenda watu wataliona sikio. Hatapewa hata kamba ya kushika."

Oltrogge alimtoa nje, akampeleka zizini kwa mlango wa ubavuni. Ng'ombe mwekundu alipoisikia harufu yake tu, aliinamisha masikio. Kijana alisogea nusu hatua, na ndoo ya Mundt, iliyokuwa imewekwa hapo kwa ajili ya lolote, iliruka mpaka ukutani ikiwa imebonyea kama kofia ya mlevi. Mundt mwenyewe alikuwa ameshafika uani.

"Nimeridhika!" alipiga kelele kutoka huko. "Afande, mimi nimeridhika!"

Mwendesha mashtaka hakuridhika. Kwenye simu ya baa, sauti yake ilikuja kavu na mbali. "Niandike nini, Oltrogge? Shahidi wa kwanza, ng'ombe? Angeweza kutumia mti mrefu. Angeweza kumpa sukari. Gari limeshaondoka. Nipe mtu, au niachie huyo niliye naye."

*

Kifo hakikamui ng'ombe. Oltrogge aliporudi, Bibi Gesche, mjane wa jirani aliyekuwa akikamua katika nyumba hiyo asubuhi na jioni, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Hakugeuka.

"Kama umekuja kuuliza, uliza. Mikono yangu haina masikio."

"Asubuhi uliingia mlango upi, Bibi Gesche?"

"Huo huo wa ubavuni. Nimejifunika gunia, mvua inamwagika tangu usiku wa manane. Ikakatika nikiwa kizingitini. Ilikuwa inaningoja nilowe kwanza."

"Ukaingia. Kisha?"

"Nikaweka kigoda. Hata chuchu sijashika, nikasikia yule kijana anapiga ukunga huko ukumbini."

"Ng'ombe walikuwaje?"

"Wamesimama."

"Wote?"

"Wote, bwana wangu. Nikasema leo wamenionea huruma. Siku nyingine nawapiga makofi ya makalio mpaka kiganja kinawaka."

"Boriti ikianguka hata mimi nitasimama," alisema Mundt kutoka mlangoni. Alikuwa hajaingia tena ndani.

"Wewe Mundt? Kengele ya kanisa iko juu ya kichwa chako kila Jumapili na husimami."

"Walikuwa na hofu?" Oltrogge aliuliza. "Wanavuta minyororo? Wanapiga kelele?"

"Wametulia tuli. Kama watoto waliokwishapangwa mstari."

Oltrogge alitembea mpaka mwisho wa safu. Ng'ombe wa mwisho alikuwa mzee, mweupe mgongoni, mguu wa nyuma umepinda. Alikuwa amelala kwenye majani, anacheua, akimtazama Inspekta bila nia yoyote ya kuheshimu serikali.

"Na huyu? Huyu naye alikuwa amesimama?"

"Huyo hainuki mpaka umshike mkia na umwinue kwa bega. Harm, mtoto wa marehemu, ndiye anayemweza, mimi mgongo wangu…"

Maziwa yaliacha kugonga ndoo. Bibi Gesche aligeuka polepole.

"Alikuwa amesimama," alisema.

"Nani alimwinua?"

"Nilidhani Harm. Si ndiye mrithi? Mwenye nyumba akifa, mrithi anawainua ng'ombe wote, hata ndama, anawaambia bwana wenu amefariki, sasa bwana wenu ni mimi. Asipowaambia, watamfuata marehemu mmoja mmoja mpaka zizi liishe. Na nyuki vile vile." Alimkazia macho. "Wewe si mtu wa huku? Kwa nini unaniuliza mambo ya mtoto mdogo?"

"Kwa sababu ulipoingia, Bibi Gesche, kijana alikuwa hajapiga ukunga bado. Mzee yuko chini ya boriti, na hakuna binadamu anayejua. Lakini ng'ombe wanajua."

Mama yule aliufunika mdomo kwa aproni. Mundt aliingia zizini akiwa amesahau kuogopa.

"Harm alilala Soltau, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa shemeji yake. Amerudi mchana na pikipiki. Mimi mwenyewe nilimkuta njiani nikampa habari. Alivua kofia."

"Alilala chumba kimoja na shemeji?"

"Kwenye banda la farasi. Nyumba ilikuwa imejaa wageni."

"Basi walimwona anapolala, si alipoamka. Yuko wapi sasa?"

"Kwa nyuki."

*

Mizinga ilikuwa imepangwa kwenye benchi refu nje ya ukuta wa kusini, hadharani, bila kipaa: vichuguu vya nyasi zilizosokotwa, kila kimoja kimefungwa utepe mweusi wa msiba. Harm Meinken alisimama mbele yake, kofia mkononi. Alikuwa pande la mtu, mabega ya kubeba magunia, na uso ambao haukuwa umelia wala haukuwa na haja ya kuigiza.

"Pole, Bwana Harm."

"Asante."

"Umeshawaambia?"

"Nimewaambia."

"Lini?"

"Nilipofika, mchana. Sikukaa hata kitako. Kazi ya mrithi haingoji, Inspekta. Nyinyi mkishahamia mjini mnasahau."

"Mama yangu angekusifu. Na ng'ombe?"

"Nao. Wote."

"Mchana."

"Nimesema mchana."

Oltrogge aliinama kwenye mzinga wa kwanza. "Kitambaa umekitoa wapi?"

"Aproni ya marehemu mama. Aliitia rangi mwenyewe nyumbani, babu alipokufa. Nimeikata."

"Rangi ya nyumbani haishiki vizuri."

Oltrogge alipitisha kidole kwenye nyasi, kuanzia chini ya utepe kushuka. Michirizi myeusi ilikuwa imeshuka kutoka kwenye kila utepe mpaka kwenye ubao wa benchi, imekauka, kama daftari la mtoto aliyemwaga wino akalisimamisha. Mzinga wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo.

"Imechuruzika," alisema.

"Basi imechuruzika."

"Mvua ilikatika Bibi Gesche akiwa kizingitini, kabla maiti haijaonekana. Tangu hapo upepo tu. Angalia uwanja, hata matope yameshika ukoko. Kitambaa kilichofungwa mchana kingekuwa kikavu kama biskuti. Hivi vilinyeshewa vikiwa hapa hapa."

Nyuki walikuwa wanavuma ndani. Harm alizitazama tepe zake kama mtu anayehesabu watoto.

"Labda Gesche…"

"Si kazi ya Gesche. Wala ya seremala. Kwao kusini sijui kama hata wanasalimiana na nyuki. Ni kazi ya mrithi. Umeniambia mwenyewe, na umenikanya nisisahau."

"Kitu kimoja sikielewi," Oltrogge alisema. "Ulikuwa umeshamaliza. Ungetupa nyundo, ukapanda pikipiki gizani, ukawahi banda la shemeji kabla jogoo hajawika. Kijana wa watu angeozea gerezani, na mimi sasa hivi ningekuwa mezani nakula soseji. Ukabaki. Baba yako anatoka damu hatua chache kutoka ulipo, na wewe unamshika mkia ng'ombe kiwete ili asimame akusikilize. Kwa nini?"

"Angekufa," alisema Harm.

Alisema kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango wakati wa baridi. Halafu akaelewa alichokisema. Mabega yake yalishuka, si sana.

"Ulitaka nifanye nini? Niwaache wamfuate? Bila wao hii si nyumba, ni kuni. Mimi sikufanya lile jambo ili nibaki na kuni."

"Ulifanya ili ubaki na nini?"

"Na hii!" Aliupiga ukuta kwa kiganja, na vumbi la udongo likadondoka kwenye fito. "Alitaka kuichuna kama sungura. Watu wa mjini wakate tiketi waone kitanda alichozaliwa babu yangu. Na yeye alitaka nini? Chumba. Chumba chenye joto la bomba ukutani. 'Kifua changu kimejaa moshi wa nyumba hii,' anasema. 'Mama yako ulimuua moshi huu huu.' Sote vifua vyetu vina moshi! Nani kati yetu alikufa akilalamika? Nilimbembeleza majira yote ya joto. Nikamwambia, Baba, nipe mimi nyumba, wewe nenda. Akasema hanipi jeneza nikaliite urithi."

Oltrogge alingoja mpaka pumzi ya mtu yule irudi.

"Ulisimama wapi?"

"Kati ya yule mwekundu na nguzo."

"Hakukupiga teke?"

"Ananijua."

"Mzee alisema chochote?"

Harm aliivaa kofia, akaivua tena. "Alikuwa anaimba," alisema. "Asubuhi huwa anaimba. Nilisikia anapofika."

Mundt alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, kofia kifuani. Hakuwa na mzaha wowote mdomoni, na hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Umesikia, Mundt?"

"Nimesikia, afande."

"Kamfungulie kijana."

Veit alitoka kibandani akifinya macho kwa mwanga. Mundt alimpangusa unga mabegani bila kusema, kama mama anayempeleka mtoto shule, halafu akamrudishia nyundo yake iliyooshwa. Kijana aliishika hereni kwanza, akahakikisha ipo.

"Naweza kwenda?"

"Popote isipokuwa kwenu," alisema Oltrogge. "Si ndiyo sheria?"

Veit alivaa kofia. Alifika nusu ya uwanja, akageuka, akalitazama paa. "Ile ncha iko hewani, bwana. Upepo ukizidi, ya sita itaifuata ya saba, na chini kuna watu wanakamua."

"Hakuna tena aliyekuajiri hapa."

"Najua," alisema kijana. Akasimama kidogo, akaapa kwa lugha ya milimani kwao, akaingia ndani kutafuta mwega. Alipita ukumbini, mbali na yule mwekundu.

Gari liliingia uwanjani likirusha kokoto. Dereva alishuka na pingu, mtu wa mjini mwenye viatu vya kung'aa, akatafuta pa kukanyaga pasipo na kinyesi. Alimtazama Oltrogge, akamtazama yule pande la mtu aliyesimama kando yake na koti jeusi la msiba.

"Nimeambiwa nichukue seremala. Ndiye huyu?"

"Hapana," alisema Oltrogge. "Huyu ni mwenye nyumba."

Harm Meinken aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kwa mara ya kwanza, akanyoosha mikono mwenyewe.